Kinga na Kinga: Mwitikio wa Kwanza wa Mwili kwa Virusi vya Korona na Lugha ya Kuueleza

Utangulizi

Mintarafu ya maradhi ya korona, sisi wanafunzi wa Kiswahili aghalabu tumejadili majina: UVIKO-19 ya Watanzania, korona ya Wakenya, barakoa, karantini, kitakasa mikono. Mjadala huo una faida yake. Hata hivyo, jambo lenyewe lililochangia pakubwa kuamua nani apone na nani alazwe, yaani namna mwili unavyokabiliana na kirusi katika saa na siku za kwanza kabla haujapata kukijua, bado halijaelezwa vya kutosha katika lugha yetu. Makala haya yananuia kulieleza, na papo hapo kuzipima sitiari tunazolielezea. Dai letu ni kwamba sitiari iliyozagaa, ya kinga kama akiba inayoongezwa au jeshi linaloimarishwa, inapotosha. Iliyo karibu zaidi na ukweli imo katika methali tuliyofundishwa shuleni.

Mahali tunapolitazamia suala hili ni Kariobangi, mtaa wa Eastlands, Nairobi. Upande mmoja zipo karakana za jua kali za Light Industries, ambako vyuma vikuukuu hukatwa na kuungwa upya. Jirani yake ni Korogocho na jaa la Dandora, lililofunguliwa katika miaka ya 1970 na kutangazwa mwaka wa 2001 kuwa limejaa, ingawa taka ziliendelea kumwagwa humo. Kenya ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13 Machi 2020, na kafyu ilipoanza tarehe 27 mwezi huo huo, kauli mbili zilisikika sana katika mitaa kama hii. Moja ilisema: ongeza kinga. Tangawizi, ndimu na kitunguu saumu vikawa bidhaa za kinga. Ya pili ilisema: sisi tumezoea, kinga tunayo. Kauli hizi zinapingana, lakini zimejengwa juu ya dhana moja, kwamba kinga ni kitu chenye kiasi, ambacho mmoja anacho kingi na mwingine kidogo.

Neno lenyewe

Kitenzi kukinga kina maana ya kupokea kinachoanguka. Mtoto hukinga mikono apewe karanga. Mvua ikinyesha Kariobangi, akina mama hukinga maji ya mabati kwa karai na ndoo, hasa juma ambalo mifereji imekauka. Maana nyingine ni kuzuia kitu kisimfikie mtu: mwavuli hukinga jua, ukuta hukinga upepo. Hii ndiyo iliyochukuliwa na wataalamu wa afya. Kisha kuna jina kinga kwa maana ya kijinga, ukuni wenye moto, ambalo leo limebaki zaidi katika methali: Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Mwanaisimu atasema hizi ni homonimu na kwamba hakuna uhusiano wa kimaana kati ya ukuni na mwavuli. Tunamkubalia. Tutakachoonyesha ni kwamba mwili, usiojua isimu, unazo zote mbili kwa pamoja.

Inafaa pia kukumbuka ni lini neno hili liliingia vinywani mwa watu wengi kwa maana ya kitabibu. Liliingia kwa njia ya UKIMWI, Upungufu wa Kinga Mwilini. Kifupisho hicho ni kazi nzuri ya uundaji wa istilahi, na kwa maradhi yale kinasema kweli: virusi vya UKIMWI huangamiza aina fulani ya seli nyeupe za damu, na daktari huweza kuzihesabu na kuona zimepungua. Lakini kizazi kizima kilifunzwa hapo kwamba tatizo la kinga ni upungufu. Basi dawa ya upungufu ni nini kama si nyongeza? Korona ilipokuja, ilikuta hesabu hiyo imekwisha kufanywa vichwani mwetu.

Mlangoni

Mwili una kinga za namna mbili. Ya kwanza tunazaliwa nayo, na huitwa kinga asilia (tutarejea kwenye jina hili, kwa maana halituridhishi). Huanza kazi katika saa chache. Ya pili hujengwa baada ya mwili kukutana na adui mahususi au kupata chanjo. Hii hutengeneza kingamwili zinazomlenga adui huyo peke yake na huweka kumbukumbu yake, lakini kwa mara ya kwanza huchukua wiki moja hadi mbili kukomaa. Kwa kirusi kipya, katika siku hizo za mwanzo, mtu hana ila ile ya kwanza.

Kirusi cha korona huingia hasa kwa hewa tunayovuta. Puani hukutana na ute unaonasa, na chini ya ute kuna vinyweleo vidogo mno viitwavyo silia, ambavyo hupepea bila kukoma na kuusukuma ute huo hadi kooni, umezwe. Hii ni kinga kwa maana ile ya mwavuli. Hapa ndipo kauli ya kuzoea inapoanza kuporomoka. Kuvuta moshi na vumbi kwa miaka mingi hakuzifunzi njia za hewa ushujaa. Hudhoofisha silia, huwasha utando wa mapafu na kuzielemea seli zinazosafisha mapafu. Anayeishi upande wa upepo wa jaa, au anayeshinda akichomelea vyuma katika karakana isiyo na dirisha, huenda akamkabili adui kwa mlango ambao bawaba zake zimelegea.

Na kuna kinga inayotangulia hata pua. Kiasi cha virusi anachovuta mtu hutegemea hewa ya chumba alimo, idadi ya wanaolala humo na muda wanaokaa pamoja. Tarehe 4 Mei 2020, kafyu ikiendelea na mvua ya masika ikinyesha, nyumba za maelfu ya wakazi wa Kariobangi Kaskazini zilibomolewa katika ardhi iliyodaiwa kuwa ya Kampuni ya Maji na Majitaka ya Nairobi, ilhali wakazi walikuwa wamepata amri ya mahakama ya kuzuia. Serikali ilikuwa ikiwaambia wananchi wakae nyumbani. Ukuta ni kinga bila ya sitiari yoyote, na waliokosa ukuta siku ile walilazimika kujibana kwa jamaa na majirani. Mjadala wa kinga unaoanzia ndani ya mwili tu huliruka jambo hili.

Lafudhi ya mgeni

Tuseme kirusi kimepita ute. Juu ya gamba lake kimejaa miiba ya protini. Mwiba hushika protini iliyo juu ya seli zetu iitwayo ACE2. Kimeng'enya kingine cha seli hiyo hiyo hukata mwiba, gamba la kirusi likaungana na utando wa seli, na ujumbe wa kirusi, ulioandikwa kwa RNA, ukamwagwa ndani. Seli husoma ujumbe huo kama unavyosoma wake na kuanza kumtengenezea mgeni vifaa vyake.

Seli hutambuaje kwamba inafanya kazi ya mtu mwingine? Haijapata kukiona kirusi hiki. Haina picha yake. Mfano unaotufaa hapa ni wa lugha. Sheng hutofautiana mtaa kwa mtaa, na kijana wa Kariobangi humtambua mgeni kwa maneno mawili matatu bila ya kumjua jina wala atokako. Hamtambui kwa sura. Humtambua kwa neno ambalo mtu wa hapa asingelisema hivyo. Kinga asilia hufanya kazi vivyo hivyo. Ndani ya seli zimo protini tunazoweza kuziita vitambuzi, na kila kimoja husikiliza kosa la aina fulani. Kimoja kiitwacho MDA5 husikiliza nyuzi ndefu za RNA zilizoambatana pacha. Seli zetu kwa kawaida hazina pacha ndefu namna hiyo. Kirusi hakiwezi kujinakili bila ya kuzipitia. Hiyo ndiyo lafudhi yake.

Baadhi ya vitambuzi vingine hubeba jina la Toll, na asili ya jina hilo itawafurahisha wanaleksikografia. Christiane Nüsslein-Volhard, akichunguza vijibuu vya nzi wa matunda huko Tübingen, Ujerumani, aliona kimoja chenye umbo la kustaajabisha, akamaka kwa lugha yake: Toll! Yaani, ajabu! Kihisishi kikawa jina la jeni. Mwaka wa 1996 maabara ya Jules Hoffmann, Ufaransa, ilionyesha kwamba jeni hiyo humkinga nzi dhidi ya kuvu. Baadaye ikabainika kwamba binadamu naye ana za ukoo huo, na mwaka wa 2011 Hoffmann na Bruce Beutler walipata sehemu ya Tuzo ya Nobeli kwa kazi hiyo. Tunaoambiwa kwamba istilahi za sayansi lazima zitokane na Kigiriki au Kilatini tuukumbuke mfano huu.

Kirusi nacho hujifunza lafudhi. Ujumbe wa RNA wa seli zetu huvishwa kofia ya kikemikali mwanzoni mwake, kama kiambishi awali kinachotambulisha ngeli. Kirusi cha korona kina vimeng'enya vyake vya kuvisha kofia iyo hiyo. Isitoshe, hujinakili ndani ya vifuko vya utando anavyovijenga ndani ya seli, mbali na masikio ya vitambuzi. Kwa hiyo pambano la siku ya kwanza halifanani sana na vita vya majeshi mawili. Linafanana zaidi na mtu aliyeingia matangani akajifanya jamaa, na wenyeji wanaojaribu kukumbuka kama ana nasaba nao.

Mbiu

Kitambuzi kikishashuku, seli hupiga mbiu. Mbiu hiyo ni protini ziitwazo interferoni, zilizogunduliwa mwaka wa 1957 jijini London na Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Walipewa jina hilo kwa kuwa ziliingilia kati ukuaji wa virusi, lakini interferoni yenyewe haimuui adui yeyote. Hutoka katika seli iliyoshambuliwa na kuzifikia jirani zake, nazo zikiisikia huwasha mamia ya jeni: huharibu RNA isiyoeleweka, hupunguza utengenezaji wa protini, hujifungia. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na jirani aliyesikia huingiza watoto ndani kabla hajamwona mwizi.

Uhodari wa kirusi cha korona umo hasa katika kuizima mbiu hii. Protini yake moja huziba ribosomu, mahali seli inapotafsiri ujumbe kuwa protini, hivi kwamba hata mbiu ikiandikwa haisomwi. Nyingine huzuia habari isiingie kwenye kiini cha seli. Matokeo yake ni kimya. Kirusi hujinakili kwa siku kadhaa, mtu akiwa bado anatembea, anapanda matatu, anaambukiza.

Ushahidi wa uzito wa mbiu hii ulipatikana mapema. Mwaka wa 2020 kundi la kimataifa lililomjumuisha Jean-Laurent Casanova liliripoti kuhusu wagonjwa 987 waliokuwa mahututi kwa korona. Kati yao 101 walikuwa na kingamwili zinazozishambulia interferoni zao wenyewe; 95 kati ya hao walikuwa wanaume. Miili yao ilikuwa imeziba mdomo wa mpiga mbiu wake. Wengine walionekana kuwa nazo tangu kabla ya kuambukizwa, bila ya dalili yoyote, hadi alipokuja adui ambaye mbiu ilihitajika dhidi yake.

Watoto, kwa upande mwingine, wameonekana kuwa na seli za pua zilizo macho zaidi. Vitambuzi vyao viko tayari kabla ya mgeni kufika, na interferoni hutoka mapema. Hii ni mojawapo ya sababu za wengi wao kupata mafua tu pale ambapo babu zao walikosa pumzi.

Moto

Mbiu ikichelewa, mwili hauachi kupambana. Hupambana kwa kuchelewa, na kwa pupa. Makrofaji, seli zilazo uchafu na wavamizi, hukuta mapafu yamejaa virusi na seli zilizokufa. Humwaga saitokini, protini za kuitana. Nyutrofili huitika kwa wingi kutoka damuni, nazo hutema vimeng'enya na nyavu za DNA zao wenyewe ili kumnasa adui. Nyavu hizo huchangia kugandisha damu katika mishipa midogo. Kuta za mishipa hulegea ili kuwapitisha waliokuja kusaidia, na majimaji nayo hupita. Vifuko vya hewa vya mapafu hujaa maji. Kila seli iliyowasili huita nyingine.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Ukuni mmoja peke yake hufuka na kuzimika. Kuni zikikutana huwashana. Moto huu si wa kirusi. Ni wetu. Wengi wa waliokufa kwa korona katika wiki ya pili au ya tatu walikufa kinga zao zikiwaka, na mtu angewaambia waongeze kinga angekuwa anawapelekea kuni.

Thibitisho lililo wazi kuliko yote lilitoka Uingereza Juni 2020, katika jaribio lililoitwa RECOVERY. Wagonjwa walipewa deksamethasoni, dawa ya zamani na rahisi ambayo hutuliza kinga. Miongoni mwa waliokuwa wakipumulia mashine, vifo vilipungua kwa takribani thuluthi moja. Miongoni mwa waliopewa oksijeni tu, kwa takribani moja kwa tano. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuwa na faida. Matokeo haya hayaeleweki kabisa kwa sitiari ya jeshi au ya akiba, maana itakuwaje kumpunguzia askari mtu aliyevamiwa kumwokoe? Kwa sitiari ya moto yanaeleweka. Kuna saa ya kuwasha na kuna saa ya kuzima, na anayemwaga maji jikoni kabla ya chakula kuiva hajamsaidia mtu.

Je, Kariobangi ilikuwa na kinga?

Swali hili halifai kupuuzwa, kwa kuwa lina msingi. Uchunguzi wa damu uliofanywa katika kaya za Nairobi Novemba 2020 ulikadiria kwamba asilimia 34.7 ya wakazi walikuwa wamekwisha kuambukizwa, yaani zaidi ya mmoja kati ya watatu, wakati hospitali zilikuwa zimeona sehemu ndogo tu ya idadi hiyo. Vifo vya korona vilivyothibitishwa nchini Kenya tangu mwanzo wa janga havikufika 6,000. Hata tukikubali kwamba vifo vingi havikuandikwa, hali haikuwa ya Lombardia wala New York.

Sababu iliyo imara zaidi ni umri. Kenya ni nchi ya vijana, na interferoni ya kijana huwahi. Sababu nyingine zilipendekezwa. Iliyovuma sana ilihusu chanjo ya BCG, ile ya kifua kikuu iliyotuachia wengi wetu kovu mkononi tangu uchanga. Ilidhaniwa kwamba imeinoa kinga asilia kwa jumla. Dhana haikuwa ya kipuuzi, kwa kuwa kuna ushahidi kwamba seli za kinga hii huweza kubaki na aina fulani ya utayari baada ya kuchokozwa. Lakini jaribio kubwa lililofanywa kwa wahudumu wa afya katika nchi kadhaa, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2023, halikuona kwamba BCG ilipunguza hatari ya kuugua korona. Wazo kwamba taka na moshi vimetukomaza halina hata ushahidi wa kiasi hicho, na linawapa starehe wenye wajibu wa kuliondoa jaa.

Kuhusu tangawizi, hatuna ugomvi nayo. Chai yake hutuliza koo. Lakini haipigi mbiu mahali ambapo kirusi kimeiziba, wala haizimi moto.

Istilahi

Tuliahidi kurejea kwenye jina. Istilahi kinga asilia ni sahihi kwa muundo, lakini kivumishi asilia kimekwisha kutekwa. Tunasema tiba asilia, dawa asilia, vyakula vya asili. Msikilizaji wa Kariobangi akiambiwa kwamba kinga asilia ndiyo humpigania mwanzo, ana haki ya kuelewa kwamba ameambiwa anywe mitishamba. Kosa hapo si lake. Ni la istilahi. Neno kingamwili nalo lina mashaka, kwani waandishi wengine hulitumia kwa protini mahususi zinazomshika adui, kama tulivyofanya hapa, na wengine kwa mfumo mzima wa kinga ya mwili. Mwanafunzi akisoma vitabu viwili atapata mafundisho mawili.

Tunapendekeza kinga tangulizi kwa ile ya kuzaliwa nayo, na kinga funzwa kwa ile inayopatikana kwa maradhi au chanjo. Tangulizi inataja wakati, na wakati, kama tulivyoona, ndio uliotenganisha mafua na kitanda cha oksijeni. Kuna atakayesema kwamba tangulizi inaweza kumfanya msikilizaji adhani kinga hiyo huondoka nyingine ikifika, ilhali mbili hizi hufanya kazi pamoja hadi mwisho. Pingamizi hilo lina uzito, na hatuna jibu lake kamili. Tungependa istilahi hizi zijaribiwe na wahudumu wa afya ya jamii, wale wanaopita nyumba kwa nyumba Kariobangi, Korogocho na Dandora, ili tusikie mtu anarudia nini kwa maneno yake mwenyewe baada ya kuelezwa, kabla kamati yoyote haijaziingiza kamusini.